Kufufua bawa la ndege ya mbao: kabla hujavalisha kitambaa, tazama gundi

Watu wakinunua ndege ya mkono wa pili iliyojengwa gereji, swali la kwanza huwa injini ina masaa mangapi. Sawa, injini ni muhimu, ila kwa ndege ya mbao na kitambaa mi nakuomba uanze na bawa, na kwenye bawa uanze na gundi.

Naongelea Pietenpol Air Camper maana ndo ninayoifufua hapa Minnesota, na yenyewe ni ya hukuhuku, Bernard Pietenpol alikuwa anaishi kijiji cha Cherry Grove na mwaka 1929 akairusha na injini ya gari, Ford Model A. Siti mbili, mmoja mbele mmoja nyuma, bawa liko juu ya vichwa vyenu. Watu wanajenga mpaka leo kwa kufuata michoro yake, kwa hiyo unaweza kuuziwa ambayo fundi wake alishafariki na hakuna wa kumuuliza kitu.

Karatasi kwanza, kwa ufupi. Huku Marekani sheria ni kwamba sehemu kubwa ya ndege ya aina hii iwe imejengwa na mtu kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha, na aliyeijenga anaweza kuomba cheti cha kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka yeye mwenyewe. Wewe uliyeinunua hupati hicho cheti, kazi ya mikono unaruhusiwa ila sahihi ya ukaguzi lazima iwe ya mwenye cheti kinachoiruhusu, mara nyingi fundi mwenye leseni. Mtafute mapema, aje aone bawa likiwa wazi, maana likishavalishwa ataona nini? Ukiwa Kenya au Tanzania nenda kwanza mamlaka ya usafiri wa anga kabla hujatoa hela.

Haya, vua kitambaa chote cha zamani. Usikitupe, kitandike chini na uandike kila upande ulikuwa wapi, kitakuonyesha mashimo ya kutolea maji na mishono ilikaaje. Halafu chukua tochi, kioo kidogo na msharasi, pita kila kiungo. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima inalia kwa sauti kavu, iliyooza inajibu kwa sauti ya kufa. Sehemu za chini ambako maji hutuama, na kuzunguka matundu ya bolti, chomachoma kwa ncha, ukiona weusi hapo ujue unyevu umekaa muda.

Ndege za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya kasini inayotokana na maziwa, na ile ikipata unyevu kuvu wanaila. Kwenye bawa langu nilishika kipande kimoja cha plaiwudi kinachofunga ubavu, yaani fremu nyembamba ya mbao inayolipa bawa umbo lake, na kikabanduka kwa ukucha tu, kama ganda la karanga, na chini yake mbao ilikuwa safi inang'aa, hakuna hata unyuzi mmoja uliochanika. Hiyo ndo alama mbaya kuliko zote. Gundi nzima ukiivunja inaondoka na nyama ya mbao, ikiachia safi maana yake ilishakufa siku nyingi na kilichokuwa kinashikilia ni vimisumari. Nikakuta vipande vingine kumi na moja vya hivyo, nikaamua kubandua mbavu zote kwenye upande ule, niliumia kwa kweli lakini singeweza kumpandisha mtoto wangu kwenye kitu kile.

Kurudishia tumia gundi ya epoksi ya ndege. Usibane klampu kwa nguvu kama unavyobana gundi ya fanicha, epoksi ukiiminya sana yote inatoka nje na kiungo kinabaki kikavu. Na kila ukichanganya kikombe, gundisha vipande viwili vya mbao taka kutoka kikombe kilekile, andika tarehe, kesho yake vivunje. Ikivunjika mbao uko salama, ikiachia gundi basi kazi yote ya siku ile irudiwe. Spari, yaani ile mihimili mirefu ya bawa, ikibidi kuungwa kata mshazari wa 12 kwa 1, mbao ya unene wa sentimita 2 inataka mkato wa sentimita 24, na kiungo kisiangukie mahali pa bolti za nguzo zinazolishika bawa. Kama hujawahi kufanya hii, hapa mlete fundi, usijaribu peke yako.

Vanishi ya kupaka mbao iwe ya epoksi ya mchanganyiko wa sehemu mbili, ya kawaida inaliwa na gundi ya kitambaa.

Kitambaa siku hizi ni poliesta, kinagundishwa pembeni kisha kinakazwa kwa pasi ya nguo. Usiamini namba za kwenye pasi, pima kwa kipimajoto uweke alama zako mwenyewe. Mzunguko wa kwanza nyuzi joto 121 za Selsiasi, wa mwisho 177, ukipita hapo kinalegea na hakirudi tena. Piga pasi juu kidogo, chini kidogo, kwa zamu, maana kinavuta kwa nguvu na mbavu nyembamba zinapinda, kwa hiyo zifunge kwa utepe kati yake kabla hujavalisha.

Ndo unashona sasa, sindano ndefu inapita juu mpaka chini kuzunguka kila ubavu, fundo kwa fundo. Umbali wa fundo hadi fundo unategemea spidi ya ndege na uko kwenye jedwali la kitabu cha kitambaa, nyuma ya propela mafundo yanakaribiana zaidi. Mke wangu alikaa upande wa pili akinirudishia sindano, tulikula wikiendi tatu.

Baada ya hapo rangi ya fedha, ile yenye unga wa alumini, maana adui wa poliesta ni jua. Usiku zima taa zote za gereji, ingiza balbu ndani ya bawa kupitia tundu la ukaguzi, uzunguke ukiangalia. Popote mwanga unapopenya, ongeza mkono mwingine wa rangi, halafu washa tena uangalie.