Kusoma takwimu za maeneo kwenye programu ya wageni: nilivyojifunza Ujiji

Ukifungua dashibodi, yaani ukurasa wa takwimu, ya programu ya simu inayowasimulia wageni kuhusu kila eneo la kituo, ukakuta eneo lililoongoza mwezi mzima ni benchi la chini ya mwembe, usikimbilie kuandika ripoti. Mimi nilikimbilia. Nilipendekeza kabisa mabango mawili ya historia yahamishiwe pale, eti ndipo wageni wanapovutiwa. Siku mbili baadaye nikaenda kukaa kwenye benchi lenyewe. Kutoka kibanda cha mlinzi ulikuwa umevutwa waya wenye soketi nne, zote zimejaa chaja, na Wi-Fi ya ofisi ilishika vizuri pale kuliko ndani ya ofisi. Watu walifungua ukurasa wa mwembe, wakalaza simu kwenye chaja, wakaendelea na soga zao. Takwimu hazikusema uongo. Watu walikaa kweli. Mimi ndiye niliyesoma "wamekaa" nikaandika "wamependa".

Kazi yangu ni kufunga programu za wageni kwenye vituo vidogo. Mfano ninaoutumia hapa ni kituo cha historia huku Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, chenye maeneo matano: lango, chumba cha misafara, chumba cha Liemba (meli kongwe ya ziwa hili), banda la mitumbwi na dagaa, na huo mwembe. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye programu yake inafanya kazi tayari, namba zinaingia, ila hajui azishike wapi.

Hatua ya 1: Tenga maeneo, kila moja lipe msimbo usiobadilika

Chukua karatasi, tembea kituo kizima, chora. Eneo ni mahali ambapo mgeni akisimama anaona kitu kimoja na kusikia simulizi moja. Ukikuta chumba kina vitu viwili vya hadithi tofauti, hayo ni maeneo mawili hata kama paa ni moja.

Halafu kila eneo lipe msimbo mfupi, E1 hadi E5 kwa upande wetu, na msimbo huo usiubadilishe hata jina la chumba likibadilika. Mwanzoni sisi tulitumia majina. Mtu mmoja akabadilisha "Chumba cha Watumwa" kuwa "Chumba cha Misafara", na mfumo ukakihesabu kama chumba kipya kilichozaliwa Jumatano. Historia yote ya nyuma ikabaki yatima.

Hatua ya 2: Jua simu inatambuaje kwamba imefika

Hili liulize kabla ya kusoma namba yoyote, maana njia ni tatu na kila moja ina udhaifu wake.

GPS inafaa uwanjani penye anga wazi, ambapo simu ya kawaida hukosea kwa mita chache. Ndani ya nyumba, chini ya bati, kosa huongezeka. Vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta mmoja haiwezi kuvitofautisha, na mgeni aliyetulia chumba cha misafara utaambiwa anarukaruka kama panzi hadi chumba cha Liemba na kurudi.

Vifaa vidogo vya Bluetooth hutofautisha vyumba vizuri zaidi, lakini vinahitaji betri, na wageni wengi huzima Bluetooth ili chaji isiishe.

Ya tatu ni msimbo wa QR mlangoni. Hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa kituo kidogo. Mgeni akiskani, una hakika alikuwa pale kwa mikono yake. Udhaifu wake ni kwamba unamhesabu tu aliyejisumbua kuskani, na hautambui ameondoka saa ngapi. Udhaifu huo unaujua, kwa hiyo unaweza kuishi nao.

Hatua ya 3: Rekebisha saa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumbuka.

Ripoti ya kwanza niliichapa nikampelekea mzee anayekaa langoni, kwa kuwa yeye huwajua wageni kwa sura. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye grafu mpaka nguzo ndefu kuliko zote. Chini yake pameandikwa 06:00.

"Hawa wa saa sita ni akina nani?"

"Ndio wageni wetu wengi, mzee."

"Kijana wangu, saa sita hapa nabaki mimi na kuku. Jua lote lile, nani aje?"

Yeye aliisoma 06:00 kama saa sita mchana, kama alivyozoea kuhesabu saa. Mimi niliisoma kama saa kumi na mbili asubuhi, ila sikujiuliza wageni waliingiaje wakati lango lingali na kufuli. Wote wawili tulikosea. Seva, yaani kompyuta inayopokea data, ilikuwa inaandika saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Nguzo ile ilikuwa ya 09:00 ya hapa, yaani saa tatu asubuhi, lango linapofunguliwa.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio, weka saa za Dar es Salaam. Ukitumia Google Analytics, huduma ya takwimu ya Google, kumbuka kwamba badiliko hilo linashika kuanzia hapo kwenda mbele tu na data ya nyuma haijirekebishi. Andika tarehe uliyobadilisha, vinginevyo mwezi ujao utadhani wageni wamebadili tabia. Na grafu ya kubandika ofisini andika "saa tatu asubuhi" kwa maneno. Utaokoa maswali mengi.

Kuna saa nyingine iliyojificha. Pasipokuwa na mtandao, programu nyingi huhifadhi matukio ndani ya simu na kuyatuma mtandao ukirudi. Mgeni anaskani kwetu asubuhi bando likiwa limeisha, anakwenda zake Kibirizi, anapanda boti ya Gombe, analala huko, na matukio yake yanafika kwenye seva kesho kutwa. Mwambie mtengenezaji wa programu kila tukio liwe na saa mbili: saa ya simu na saa ya kufika kwenye seva. Wewe soma saa ya simu. Takwimu za Jumamosi usizifungue Jumapili. Mimi husubiri siku tatu.

Hatua ya 4: Elewa namba nne, nyingine ziache zilale

Dashibodi itakuonyesha namba ishirini. Nne zinatosha.

Ya kwanza ni mara ambazo ukurasa wa eneo umefunguliwa. Hii hujaa upepo haraka, kwa sababu mtoto mmoja anayechezea simu ya baba yake anaweza kuufungua mara tisa.

Ya pili ni simu tofauti zilizofungua. Soma vizuri: simu, wala si watu. Familia ya watu sita hutembea na simu moja. Darasa zima hutembea na simu ya mwalimu. Upande wa pili, mtu akifuta programu na kuipakua upya, mifumo mingi humhesabu kama mgeni mwingine.

Ya tatu ni muda wa kukaa, na hii ndiyo iliyonidanganya chini ya mwembe. Uliza programu yako inaanza kuhesabu lini na inakoma lini. Yetu ilianza mgeni anapofungua eneo, ikakoma anapofungua eneo jingine, hata kama katikati kioo kilizimika. Simu iliyo kwenye chaja ikahesabiwa kama mgeni aliyezama katika historia. Tuliomba hesabu ikome kioo kikizimika, isipokuwa sauti ikiwa inacheza.

Hata baada ya hapo, wastani usiuamini peke yake. Tuseme simu saba zimekaa chumba kimoja kwa sekunde 20, 25, 40, 45, 50, 60 na 2,700. Ukijumlisha unapata 2,940, ukigawa kwa saba unapata 420, yaani dakika saba. Katika watu hao saba hakuna hata mmoja aliyekaa dakika saba wala karibu na dakika saba. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: sekunde 45. Hiyo ndiyo ya kumpelekea bosi, na ile 2,700 ifuatilie kivyake ujue ni chaja au ni mtafiti.

Wanaotumia Google Analytics wajue kwamba kwa mpangilio wa kawaida ziara huhesabiwa kuwa ya kushiriki ikizidi sekunde 10, au mtu akifungua kurasa mbili au zaidi, au akifanya tukio uliloliweka kuwa muhimu. Kwa mtandao wetu sekunde kumi ni picha tu inafunguka. Kikomo hicho unaweza kukipandisha hadi sekunde 60, na mimi nilikipandisha.

Ya nne ndiyo niipendayo: wamesikiliza hadi wapi. Simulizi yetu ya Liemba ina dakika tatu na nusu, na grafu ya wasikilizaji iliteremka ghafla karibu na sekunde ya hamsini. Nikavaa spika za masikioni, nikasikiliza. Sekunde ya hamsini ndipo nilipoanza kumwaga miaka: imeundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na reli mpaka Kigoma, ikashushwa majini 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Yote hayo ndani ya nusu dakika, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka. Na kulikuwa na mahali wageni walirudisha nyuma kusikiliza mara mbili: pale ninapoeleza kwamba kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini grisi ili zisioze, kwa matumaini ya kuja kuiibua wenyewe. Nikarekodi upya. Sasa inaanza na grisi, na miaka hiyo nimeihamishia kwenye bango.

Ukitafuta asilimia ya waliomaliza, idadi yao igawe kwa waliobonyeza kuanza kusikiliza. Ukigawa kwa waliofungua ukurasa, utajivunjia moyo bure.

Hatua ya 5: Hesabu kwa punje

Hatua hii watu huiruka, nami sikubali kusoma takwimu za kituo chochote bila hiyo. Chagua saa mbili za siku ya kawaida. Weka punje za maharage mfuko wa kushoto, simama pembeni ya chumba, kila anayeingia hamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia. Daftari humfanya mgeni ajione anachunguzwa, punje hakuna anayeziona. Mwisho zihesabu, kisha fungua dashibodi uangalie saa zile zile.

Tuseme punje ni 85 na simu ni 17. Maana yake simu moja imesimama badala ya watu watano katika chumba hicho, siku hiyo. Usiichukue tano hiyo ukaipeleka banda la mitumbwi. Kule nilikuta punje nyingi na simu karibu hakuna, nikadhani simulizi ya dagaa imechosha. Nilipojaribu kuskani mwenyewe saa kumi jioni nikaelewa: bango lilitazama magharibi, jua linalorudi kutoka ziwani lilipiga kioo, nikawa naona uso wangu tu. Watu walikuwa wamesimama wakimsikiliza mvuvi mstaafu akieleza kwa nini usiku wa mbalamwezi mitumbwi ya taa hulala pwani: mwezi ukiwaka, taa hazina nguvu ya kukusanya dagaa. Kwenye dashibodi eneo hilo lilikuwa la mwisho. Kwa punje lilikuwa la pili.

Usisahau pia kulinganisha kwa sehemu. Chumba kilichoskaniwa na 12 kati ya watu 30 kinafanya vizuri kuliko mlango ulioskaniwa na 60 kati ya 300. Cha kwanza ni asilimia 40, cha pili ni 20, japo kwenye orodha cha pili ndicho kitakaa juu.

Hatua ya 6: Faragha

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mweleze mgeni kwa Kiswahili chepesi unakusanya nini na kwa nini, na mwombe ridhaa kabla. Namba ya simu usiombe kama huna kazi nayo. Saa ambayo kituo kizima kimepata wageni wawili, usiichambue: hapo utakuwa unamfuatilia mtu.

Hatua ya 7: Badilisha kimoja, na weka daftari langoni

Bango la banda tulilizungushia upande wa kivuli. Hatukugusa kitu kingine chochote kwa wiki mbili, ingawa mikono iliniwasha kurekodi upya simulizi. Ukibadilisha bango na sauti kwa pamoja, namba ikipanda hutajua umshukuru nani. Linganisha Jumamosi kwa Jumamosi, na siku ambayo treni imeingia kwa siku nyingine ya treni.

Daftari ni la mzee wa langoni. Kila jioni anaandika mistari miwili mitatu ambayo hakuna programu itakayoijua, nami huiingiza kwenye safu ya mwisho ya jedwali kabla ya kuangalia grafu yoyote. Ya Jumanne iliyopita ilisomeka hivi: "Umeme hakuna tangu saa nne. Shule moja, watoto wengi, simu moja ya mwalimu. Wazungu wawili wameuliza choo. Soketi ya mwembe nimeing'oa."