Jinsi ya kuotesha arkea wa metani kutoka tumboni mwa ng'ombe

Kama umemaliza uzamivu na sasa umekabidhiwa utafiti wa viumbe wanaotengeneza metani, jeni na kompyuta viache kwanza. Anza na hewa. Viumbe hawa wadogo wasioonekana kwa macho si bakteria, ni arkea, kundi ambalo Carl Woese na George Fox walilibainisha mwaka 1977, na oksijeni kidogo tu inatosha kuwazuia wasiote.

Mimi nashughulika na wa rumeni, tumbo la kwanza la ng'ombe. Asilimia 2 hadi 12 ya nishati ya chakula cha ng'ombe hupotea kama metani, nyingi ikitoka kwa mbweu. Mfugaji aliyenunua pumba kwa taabu anaibiwa humo, na ndiyo maana kazi hii naipenda.

Nenda machinjioni alfajiri na chupa ya chai. Ipashe kwa maji ya nyuzi 39, yamwage, kisha jaza maji ya rumeni mara tumbo linapopasuliwa. Jaza hadi mdomoni, maana nafasi yoyote utakayoacha itakaliwa na hewa. Wachinjaji waheshimu na uwaeleze unatafuta nini. Kuna mzee sasa hunitengea tumbo la ng'ombe aliyekula majani matupu, kwa kuwa anajua namlinganisha na wa pumba.

Media, yaani mchuzi wa kuoteshea viumbe hawa, ndiyo yenye kazi. Njia yetu ni ya mwanabiolojia Robert Hungate, ikaboreshwa na Balch na Wolfe mwaka 1976 kwa chupa zinazohimili mgandamizo. Changanya chumvi zako, tia kidogo resazurini, rangi inayoonyesha kama oksijeni ipo, maji yatakuwa ya buluu. Chemsha mpaka yageuke waridi. Yapoze huku sindano ndefu ikipuliza naitrojeni na kabonidayoksaidi shingoni mwa chupa, kisha weka bikaboneti, na sistini ya kuondoa oksijeni iliyobaki. Sasa tulia utazame: waridi unafifia polepole mpaka maji yanakuwa meupe. Ukiona utepe wa waridi umebaki juu kabisa, hewa inaingia. Ongeza gesi, usifunge bado. Yakishatakata, funga kwa kizibo kinene cha mpira wa butili, bana kifuniko cha alumini, pika kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa mgandamizo cha kuua vijidudu, kwa nyuzi 121.

Usidanganywe na weupe huo. Ukosefu wa oksijeni hupimwa kwa milivolti, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo hali inavyowafaa. Resazurini hupoteza rangi kwenye milivolti -110 hivi, nao arkea hawa wanataka chini ya -330. Kwa hiyo kabla ya kupandikiza, yaani kuingiza maji ya rumeni, ongeza sodiamu salfaidi ili kuishusha zaidi. Ifanyie kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, na isikutane na asidi kamwe, kwani hutoa gesi ya sumu.

Bomba la sindano lisuuze kwa gesi isiyo na oksijeni kabla ya kupandikiza. Jaza haidrojeni na kabonidayoksaidi, 80 kwa 20, hadi atimosferi 2. Vaa miwani ya kinga, na moto usiwepo karibu. Laza chupa kwenye kitikisio, nyuzi 39.

Utajuaje wameota? Molekuli nne za haidrojeni na moja ya kabonidayoksaidi huzaa moja tu ya metani. Maji yanayotoka hubaki kwenye media. Gesi inapungua. Chukua bomba la sindano la kioo lililolowanishwa, lenye naitrojeni, uchome kizibo. Mwanzoni pistoni husukumwa nje. Wakiota vizuri, inavutwa ndani yenyewe mkononi mwako, taratibu, na hapo utafurahi kuliko siku ya mahafali. Thibitisha kwa kromatografu ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima gesi, na kwa darubini yenye mwanga wa nanomita 420: kimeng'enya-shiriki F420, molekuli iliyo ndani yao inayosaidia vimeng'enya, huwafanya wang'ae buluu-kijani.

Usiharakishe kusema una aina moja. "Methanobacillus omelianskii" aliaminiwa kwa miaka kuwa kiumbe kimoja, hadi Bryant, Wolin, Wolfe na mwenzao walipoonyesha mwaka 1967 kuwa ni wawili: bakteria anayevunja ethanoli na kutoa haidrojeni, na mwenzake anayeichukua kutengeneza metani. Tumia penisilini kupunguza bakteria. Arkea haiwadhuru, kwa kuwa hawana peptidoglikani, kiungo cha ukuta wa bakteria ambacho penisilini hushambulia. Zimua hatua kwa hatua, chagua koloni moja kwenye mirija ya agari, kisha pandikiza pia kwenye media yenye glukosi isiyo na haidrojeni. Arkea hawa hawaoti humo, kwa hiyo media ikichafuka, bado una mgeni. Rudi kwenye kuzimua.