Namna ya Kuhesabu Wanyama wa Tope na Mchanga katika Ghuba ya Malindi

Anayetaka kujua hali ya bahari ya Malindi kwa kawaida huwatazama samaki, naye kwa kufanya hivyo huwapita wanyama wasioweza kukimbia. Minyoo, kombe, kaa wadogo na majongoo ya bahari, wote wasio na uti wa mgongo, hukaa palepale tope linapowakuta, na kwa hiyo hutoa ushahidi thabiti wa kile ambacho mto Sabaki huleta. Udongo wa mto huo humwagika kaskazini ya mji. Wakati wa kaskazi mkondo huusukuma kuelekea ghubani, na wakati wa kusi huuchukua upande wa pili. Panga basi safari mbili kwa uchache, moja katika kila msimu, kwa kuwa hesabu ya msimu mmoja itakupotosha.

Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 na kusimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, usiokote hata ganda bila kibali. Zungumza pia na kamati ya wavuvi ya ufuo na wanaookota kombe, kwani wao wanajua tope liliposogea tangu mwaka uliopita.

Fanya kazi siku za bamvua, baada tu ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hupwa sana mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Uwe ufuoni mapema, uyafuate maji yanavyotoka, na uanze kurudi mara yanapogeuka.

Tandaza kamba ya mita 50 kutoka ufuoni kuelekea bahari, uweke alama kila baada ya mita 10. Katika kila alama chukua vipande vitano vya tope kwa bomba la plastiki la maji lenye kipenyo cha sentimita 10. Lizamishe wima hadi sentimita 20, kisha uzibe mdomo wa juu kwa kifuniko kinachobana kabla ya kulivuta. Ukisahau kuziba, tope litateleza na kurudi shimoni, na wanyama wa chini, ambao mara nyingi ndio wakubwa, watabaki huko.

Kuosha ndiko kunakotaka subira. Weka tope katika chekeche lenye matundu ya nusu milimita, ulizamishe nusu ndani ya beseni la maji ya bahari, na ulizungushe taratibu. Usimimine maji kwa nguvu juu yake. Mnyoo wa baharini ni laini kama uzi uliolowa, una vijimiguu pande zote mbili za mwili, nao ukikatika vipande vitatu, asiye makini atahesabu wanyama watatu. Kanuni ni kuhesabu vichwa tu.

Vilivyobaki vihifadhi katika fomalini, sehemu moja ya ile ya dukani kwa sehemu tisa za maji ya bahari, ukiongeza boraksi kidogo ili asidi isiyeyushe magamba. Vaa glavu na ukae penye hewa, kwani dawa hiyo ina madhara. Baada ya siku kadhaa visuuze, uvihamishie katika alkoholi ya asilimia 70.

Kuhusu lebo nasema kwa uchungu. Niliwahi kuandika majina ya vituo kwa kalamu ya wino nje ya chupa. Alkoholi ikadondoka, wino ukafutika, na kazi ya bamvua nzima ikawa tope lisilo na kwao. Tangu hapo naandika kwa penseli kwenye karatasi ngumu inayowekwa ndani ya chupa: mahali, tarehe, saa, namba ya alama na namba ya bomba.

Penye mwamba bomba halifai. Tumia fremu ya mraba ya sentimita 50, uhesabu bila kung'oa, na kila jiwe ulilogeuza ulirudishe kama lilivyokuwa, maana wanaoishi chini yake hufa wakiachwa juani. Wahesabu kwa uangalifu wale wanyama wa mviringo wenye miiba, waitwao kwa Kiingereza sea urchin. Watafiti wa bahari Timothy McClanahan na Nyawira Muthiga wameonyesha katika miamba ya Kenya kwamba uvuvi ukiwamaliza samaki wanaowala, kama kikande, wao huongezeka na kuukwangua mwamba.

Katika kukokotoa, zidisha idadi ya bomba moja kwa 127 upate idadi kwa mita moja ya mraba. Kwa sababu kosa la mnyama mmoja hugeuka 127, toa wastani wa mabomba yote matano kwanza. Bomba lisilo na mnyama liandikwe sifuri, wala lisiachwe nje ya daftari. Karibu na mdomo wa Sabaki utakutana na sifuri hizo, na ukizifuta, mahali palipofunikwa na udongo pataonekana pana uhai kuliko palivyo.