Kamera ya Kijapani ya kabla ya vita: jinsi ya kuchimba historia ya kampuni iliyoiuza

Ukinunua kamera ya Kijapani ya miaka ya 1920 au 1930 kwenye mnada wa mtandaoni, au ukaikuta ndani ya sanduku la marehemu babu, swali linalokuja haraka ni nani aliitengeneza. Liweke kando kwanza. Katika Japani ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, kamera nyingi zilitoka kwenye karakana ndogo ambazo hazikuandika jina lao popote. Aliyeandika jina ni mfanyabiashara. Ndiye aliyetoa mtaji, akaagiza lenzi kutoka Ujerumani, akalipia matangazo na kusambaza mzigo kwenye maduka ya mikoani. Mpate muuzaji, na kiwanda utakifikia kupitia kwake. Ukianza na kiwanda utazunguka sana.

Si lazima ujue Kijapani. Inatosha uweze kutambua herufi chache kwa sura yake. Mfano wangu mkuu ni duka la Konishi, kwa sababu kumbukumbu zake zimehifadhiwa vizuri, na kwa sababu wengi wetu tulilijua jina lililozaliwa humo bila kujua lilikotoka: Konica, lile la kwenye mabango ya studio na bahasha za picha miaka ya 1990.

Hatua ya 1: Soma kamera kabla ya kuisafisha

Usiguse spiriti wala kitambaa chenye unyevu. Rangi iliyojazwa ndani ya maandishi ya kuchonga hutoka haraka, na chapa iliyogandamizwa kwenye ngozi hufutika. Piga picha bamba la juu, pete ya lenzi, uso wa shata (kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga), mkanda wa kushikia na upande wa ndani wa mlango wa nyuma. Kisha chukua mfuko wa ngozi, ambao watu wengi huutupa. Mara nyingi nembo ya muuzaji iko kwenye mfuko, huku kamera yenyewe ikiwa na jina la modeli tu.

Maandishi ya mlalo ya kabla ya vita mara nyingi yalisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ukilinganisha herufi na jina unalolifahamu, jaribu pande zote mbili. Angalia pia sura ya herufi. Neno la "picha" likiandikwa 寫眞, liko kwa mtindo wa zamani; likiandikwa 写真, liko kwa mtindo uliorahisishwa kwenye mageuzi ya maandishi ya baada ya vita. Kijitabu cha maelekezo chenye 写真 kila ukurasa, kinachouzwa kama "cha 1935", kinahitaji maswali mengi kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 2: Tenganisha majina

Kamera moja inaweza kubeba majina manne: la lenzi, la shata, la modeli na la muuzaji. Yaandike kwenye mistari tofauti, na usikubali moja limeze mengine. Shata iliyoandikwa Seikosha, kwa mfano, ilitoka kwenye kiwanda cha duka la saa la Hattori, hao hao wa saa za Seiko. Haikuambii kabisa nani aliuza kamera.

Kisa kinachofundisha hatua hii kuliko vyote ni cha Hansa Canon. Mwaka 1933 watu wachache, akiwemo Yoshida Goro na Uchida Saburo, walianzisha karakana ndogo Roppongi, Tokyo, wakaiita Seiki Kogaku Kenkyujo. Walitaka kutengeneza kamera ya filamu ya milimita 35 ya kushindana na Leica ya Ujerumani. Mwaka 1934 walitangaza kamera waliyoiita Kwanon, kwa jina la Kannon, mungu wa huruma wa Wabuddha. Kutangaza ni rahisi. Lenzi hawakuwa nayo, na njia ya kufikia maduka hawakuwa nayo. Lenzi ya Nikkor ya 50 mm f/3.5, pamoja na shingo inayoishika na mfumo wa kupimia umbali, vilitoka Nippon Kogaku, kampuni ambayo leo tunaiita Nikon. Mauzo yalichukuliwa na mfanyabiashara wa vifaa vya picha aitwaye Omiya, ambaye tayari alikuwa na chapa yake: Hansa.

Kamera ilipoingia sokoni kufikia 1936, kwa yen 275, ilikuwa na lenzi ya Nikon, mwili wa Canon, na juu ya bamba neno HANSA la muuzaji. Zipo kamera za aina hiyo hiyo zisizo na neno HANSA, ambazo hazikupitia mkononi mwa Omiya. Mkusanyaji asiyejua habari za Omiya hudhani ni modeli mbili. Ni modeli moja yenye njia mbili za kufika sokoni. Na ukikutana na chapa ya Hansa kwenye vifaa vya chumba cha giza, usiihusishe na Canon: ni Omiya huyo huyo akiuza bidhaa zake nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta maneno ya biashara

Kwenye tangazo, boksi au kijitabu, tafuta herufi hizi. 商店 (shoten) ni duka. 商會 (shokai) ni kampuni ya biashara, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi: Asanuma Shokai, lililoanza 1871 na ni miongoni mwa maduka makongwe kabisa ya vifaa vya picha Japani, au Misuzu Shokai, waliouza kamera ndogo sana iitwayo Midget mwishoni mwa miaka ya 1930. 本店 (honten) ni duka kuu. 株式會社 ni kampuni ya hisa, dalili kwamba biashara ya familia imekua.

Muhimu kupita yote ni jozi hii: 發賣元, yaani anayetoa bidhaa sokoni, na 製造元, yaani anayeitengeneza. Zikionekana zote mbili kwenye tangazo moja zikiwa na majina tofauti, kazi yako imefanywa na mpiga chapa wa enzi hizo. Ikionekana ya kwanza peke yake, usijaze ya pili kwa kukisia.

Hatua ya 4: Geuza miaka, kisha soma anwani

Miaka ya Kijapani huhesabiwa kwa enzi za wafalme. Enzi ya Meiji, ongeza 1867. Taisho, ongeza 1911. Showa, ongeza 1925. Kwa hiyo Taisho 12 ni 1923, na Showa 11 ni 1936. Mwaka 1926 una majina mawili, kwa kuwa Showa 1 ilianza tarehe 25 Desemba na kwisha na mwaka wenyewe wiki moja baadaye. Ukiona tarakimu kama 2600 kwenye kifaa cha kijeshi, hiyo ni kalenda ya ufalme. Toa 660, unapata 1940.

Anwani husema hata pale mwaka ulipofichwa. Tokyo ilikuwa jiji, 東京市, hadi 1943, ilipogeuzwa kuwa 東京都. Wilaya ya Nihonbashi, kitovu cha wauza vifaa vya picha, iliunganishwa na Kyobashi mwaka 1947 kuwa Chuo. Kojimachi iliungana na Kanda mwaka huo huo kuwa Chiyoda. Yodobashi ilifanywa wilaya ya jiji 1932, ikamezwa na Shinjuku 1947. Boksi lenye anwani ya Tokyo-shi, Yodobashi-ku (yaani jiji la Tokyo, wilaya ya Yodobashi) lilichapwa basi kati ya 1932 na 1943, au lilitumiwa na mtu aliyekuwa na akiba ya maboksi ya zamani, jambo lililotokea sana wakati karatasi ilipoadimika.

Hatua ya 5: Panga maisha ya duka

Hapa ndipo Konishi anapofaa. Chora mstari mmoja wa miaka, juu yake andika mabadiliko ya jina la kampuni, chini yake bidhaa.

Mwaka 1873 kijana Sugiura Rokusaburo alianza kuuza vifaa vya picha na vya uchapaji ndani ya duka la Konishiya Rokubei huko Kojimachi. Duka hilo liliuza dawa. Wengi huona ajabu, lakini picha za wakati huo zilikuwa kazi ya kemikali, na muuza dawa ndiye aliyekuwa na kemikali. Baadaye alihamia Nihonbashi akatumia jina Konishi Honten, na yeye mwenyewe akaja kujulikana kama Sugiura Rokuemon wa sita. Ukiona "Rokuemon" kwenye nyaraka za miaka iliyoachana sana, usidhani ni mzee mmoja aliyeishi karne nzima. Ni jina la kurithiwa na mkuu wa nyumba.

Mwaka 1882 walianza kutengeneza kamera. Mwaka 1902 walifungua kiwanda cha Rokuosha huko Yodobashi, na 1903 wakatoa Cherry, kamera ya kasha dogo iliyotumia mabamba ya kioo badala ya filamu, inayohesabiwa kuwa kamera ya kwanza ya Kijapani kuuzwa kwa jina la chapa, pamoja na karatasi ya kuchapia picha ya Sakura. Mwaka 1921 duka likawa Konishiroku Honten. Mwaka 1923 wakafungua shule ya upigaji picha mjini Tokyo, ambayo leo ni chuo kikuu. Mwaka 1925 ikaja Pearlette, kamera ya kukunja ya filamu ya ukubwa wa 127 iliyofuata umbo la Vest Pocket Kodak, na 1929 filamu ya Sakura. Kampuni ya hisa 1936, filamu ya rangi 1940, jina Konishiroku Photo Industry 1943. Jina Konica lilianza kama jina la kamera baada ya vita, likawa la kampuni nzima 1987. 2003 ikaungana na Minolta.

Sasa tazama mstari wako. Kamera iliyoandikwa "Rokuosha" inakupa kiwanda, kwa hiyo ni ya 1902 au baadaye. Karatasi inayosema "Konishi Honten" bila "roku" inaelekea kuwa ya kabla ya 1921. Na shule? Mfanyabiashara anayefungua shule anajitengenezea wateja, na kwa maoni yangu tarehe hiyo inaeleza nguvu ya Konishi kuliko kamera yoyote waliyotoa.

Fanya hivyo hivyo kwa duka unalolichunguza. Minolta, kwa kulinganisha, ilianza Novemba 1928 wakati Tashima Kazuo alipofungua Nichi-Doku Shashinki Shoten, yaani duka la kamera la Kijapani na Kijerumani. Kamera yao ya kwanza, Nifcalette ya 1929, ilibeba lenzi na shata za Ujerumani. Baadaye jina la kampuni likawa Molta 1931, na Chiyoda Kogaku Seiko 1937. Kwa mtu anayetafuta "Minolta" tu, miaka ile ya mwanzo haionekani kabisa.

Hatua ya 6: Pitisha mstari wako kwenye matukio makubwa

Tetemeko la Kanto la 1 Septemba 1923 lilifuatwa na moto ulioteketeza Nihonbashi. Pengo la nyaraka kabla ya tarehe hiyo ni la kawaida. Kuanzia vita na China mwaka 1937, serikali ilibana uagizaji wa bidhaa za nje. Wauzaji walioishi kwa kamera za Ujerumani wakageukia karakana za nyumbani, na ndiyo maana majina mapya yanajaa ghafla. Julai 1940 likaja zuio la bidhaa za anasa. Kisha mabomu ya 1945 yakachoma kilichobaki.

Hatua ya 7: Nenda kwenye matangazo

Kwa kuwa vitabu vya hesabu viliungua, matangazo ya magazeti ya picha ndiyo ushahidi wetu mkubwa. Jarida la Asahi Camera lilianza Aprili 1926 na Photo Times 1924. Maktaba ya Taifa ya Bunge la Japani ina hazina ya dijitali unayoweza kuitafuta kwa herufi za Kijapani. Nakili jina kutoka kwenye picha zako za hatua ya 1, na ujaribu herufi za zamani na mpya. Tangazo linathibitisha kwamba bidhaa ilitangazwa, si kwamba ilifika dukani. Kwanon ni ushahidi tosha.

Wauzaji wa mnada hupenda kuandika "kabla ya vita" kwenye kila kitu cha chuma. Ukiona "Made in Occupied Japan", ni ya kati ya 1947 na 1952. Kibandiko kidogo cha ukaguzi chenye neno PASSED ni cha baada ya vita pia.

Ukikwama, Jumba la Makumbusho la Kamera la JCII, taasisi ya Kijapani ya kamera, liko Ichibancho, Tokyo. Unapowaandikia, tuma picha ya nembo, ya pete ya lenzi na ya anwani kwenye boksi, na uulize kuhusu muuzaji kwa jina lake la Kijapani. Namba ya mwili wa kamera iandike pia, hata kama unaona haina maana.