Kabla ya kununua mbegu za pilipili kwa bustani ya nyumbani, Mtwara na Lindi

Mwenye bustani ya nyumbani hahitaji pilipili nyingi. Miche kumi ya pilipili mbuzi ikistawi vizuri, familia itakula, jirani ataomba, na zitakazobaki zitatiwa kwenye achari. Kwa sababu hiyo, muuzaji wa mbegu anayemfaa si lazima awe yule yule anayesifiwa na wakulima wa ekari kadhaa, ambao hununua kwa kopo na kusia zote ndani ya wiki moja. Mnunuzi wa pakiti ndogo anapaswa kumpima muuzaji kwa mambo mawili hasa: namna anavyozihifadhi mbegu zake, na namna anavyojibu maswali kabla ya kupokea fedha.

Maswali hayo hayawezi kuulizwa vizuri na mtu asiyejua anachokitaka. Pilipili hoho na pilipili ndefu nyekundu ni za jamii moja, Capsicum annuum, na mbegu zake huota kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili kukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Pilipili kichaa ni Capsicum frutescens, na pilipili mbuzi, yenye harufu inayotangulia makali yake, ni Capsicum chinense. Hizi mbili huweza kuchukua wiki tatu au nne kabla ya kuchomoza, na wengi huzimwaga wakidhani zimekufa. Muuzaji anayeijua kazi yake atakueleza tofauti hiyo bila kuulizwa mara mbili. Anayekuambia kwamba pilipili zote huota kwa siku saba anauza pakiti tu, hajawahi kusia.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote katika mikoa hii ni hifadhi. Joto na unyevunyevu wa pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, huziua mbegu kimya kimya ndani ya pakiti ambayo kwa nje bado inang'aa. Watunzaji wa mbegu hufuata kanuni ya makadirio isemayo kwamba unyevu ulio ndani ya mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5, umri wa mbegu huongezeka takribani mara mbili. Kinyume chake ni kweli pia, na hapo ndipo duka lenye bati tupu lisilo na dari, au meza iliyowekwa barazani ambako jua la alasiri huipiga rafu, linapokuwa mahali pabaya pa kununulia, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa muhuri bado iko mbali. Tarehe hiyo hukadiriwa kwa kudhani kwamba mbegu imetunzwa mahali pakavu na penye ubaridi. Haijui yaliyoipata njiani. Kwa hiyo uliza mzigo ulifika lini, ulikaa wapi, na kama ulisafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam uliwahi kuchukuliwa stendi siku ile ile au ulilala kwenye ofisi ya vifurushi. Pakiti ya karatasi ya foili iliyofungwa kwa joto huzuia unyevu kuliko bahasha ya karatasi ya kawaida, na kopo lililokwisha kufunguliwa, ambalo muuzaji huchota kwa kizibo cha soda, ni la kuliacha: hujui limefunguliwa tangu lini, na lebo inabaki kwake, wewe ukiondoka na mfuko wa nailoni usio na jina.

Lebo ndiyo uthibitisho unaoweza kuushika mkononi. Kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, anayefanya biashara ya mbegu anatakiwa kusajiliwa, na ubora wa mbegu unasimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu yenye makao makuu Morogoro. Tafuta lebo ya TOSCI kwenye pakiti, kisha soma jina la aina, namba ya toleo, tarehe ya kupimwa na kiwango cha uotaji. Iwapo mbegu zimepakwa rangi ya waridi, kijani au buluu, zimetiwa dawa. Zisiliwe, zisiwe karibu na watoto wala kuku, na mikono ioshwe baada ya kusia.

Uliza pia kama mbegu ni chotara, ile inayoandikwa F1, au ni ya kawaida. Chotara huzaa kwa wingi na kwa usawa, na baadhi zina ukinzani dhidi ya magonjwa fulani, ila mbegu utakazozikamua kutoka kwenye matunda yake hazitakupa mmea uleule. Zitatawanyika, huyu mrefu, yule mfupi, mwingine hana makali. Kwa mtu wa miche kumi anayependa kujitunzia mbegu, naona aina ya kawaida inamfaa zaidi, na bei yake huwa nafuu. Gramu moja ya mbegu za pilipili huweza kuwa na mbegu 150 au zaidi, hivyo pakiti ya gramu 10 ni mzigo wa mtaa mzima. Mkiinunua kwa pamoja, igawanyeni siku hiyo hiyo kwenye chupa ndogo kavu zenye vifuniko vya kubana.

Huenda muuzaji wako akawa jirani tu, na hilo si baya, kwa sababu mbegu yake imekwisha kuzoea udongo wetu wa kichanga. Ila muulize alikuwa amepanda nini kando yake. Pilipili hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini nyuki huhamisha chavua kati ya mimea iliyo karibu. Hoho iliyopandwa jirani na pilipili ndefu haitakuwa kali msimu huo. Makali yatajitokeza katika mimea itakayotokana na mbegu zake, wakati wewe umekwisha kuahidi kachumbari ya watoto. Hakikisha pia kwamba mbegu zilitoka kwenye matunda yaliyoiva kabisa, yasiyo na mabaka meusi yaliyobonyea, kwa maana ugonjwa wa chule husafiri na mbegu.

Wauzaji wa mtandaoni wanahitaji tahadhari ya aina yake. Picha ya pilipili ya buluu kama anga si picha ya mmea wowote wa kweli. Kipimo kingine ni madai ya pilipili kali kuliko zote duniani: mwaka 2023 Guinness World Records iliitambua Pepper X, yenye wastani wa vipimo 2,693,000 vya Scoville, yaani kipimo cha makali ya pilipili, na mzalishaji wake wa Marekani hakuziachia mbegu zake ziuzwe. Anayekuuzia mbegu za Pepper X mjini Lindi anakuuzia kitu kingine. Na kama mbegu zinatoka nje ya nchi, iwe kwa posta au kwa kuvuka Ruvuma kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, zinatakiwa kuwa na kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Mwombe muuzaji akuonyeshe.

Baada ya kulipa, dai risiti na uitunze pakiti tupu, kisha zijaribu mbegu 20 kabla ya kujaza kitalu: zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziweke ndani ya mfuko mahali penye joto, na uzihesabu zinavyochipua. Fanya jaribio hilo mapema. Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, na anayetegemea mvua zinazoanza Novemba au Desemba anatakiwa awe amekwisha kusia Oktoba, maana yake mbegu ziwe mkononi Septemba, ili zisipoota muda wa kurudi dukani na ile risiti uwe bado upo.