Kabla hujapanda ndege ya Hija: chanjo, kadi ya njano na madoa ya kutazama

Pasi angalia tarehe yake sasa hivi. Viatu vya kutembelea vivae nyumbani kwanza mpaka vizoee mguu. Dawa za presha na sukari ziweke kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari. Hayo unayajua.

Sasa chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Saudi Arabia inamtaka kila hujaji awe amechanjwa dhidi ya makundi manne ya bakteria, A, C, W na Y, si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Masharti haya yana historia: mwaka 1987 mahujaji walirudi makwao na kundi A, na mwaka 2000 kundi W likaambukiza hadi jamaa wa nyumbani ambao Makka hawajawahi kuiona.

Na nikisema chanjo nina maana ya sindano iliyoingia mkononi, si muhuri. Mzee mmoja wa kundi letu alikuwa na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo cha kimataifa, safi, imegongwa muhuri na kuandikwa namba ya kichupa. Sindano hakuchomwa. Aliambiwa dawa imekwisha, alipe tu apewe kadi, asichelewe safari. Tulipokuwa Mina, kwenye mahema ya mahujaji karibu na Makka, jioni akashikwa na homa, akatetemeka, akalalamika miguu inamuuma, na viganja vyake vilikuwa baridi. Hema zima likasema ni mafua, nani hakohoi Mina? Alfajiri jamaa yake akamvua soksi, akaona nyayoni vidoa vya zambarau kama vimechomwa na pini. Kufika hospitali vidoa vimeungana kuwa mabaka. Pale alipowekewa dripu damu ikawa haikomi, na huku ncha za vidole vya miguu zinakuwa nyeusi kwa kukosa damu. Alipona, ila vidole vingine vilikatwa.

Damu inagandaje na kuvuja kwa wakati mmoja? Meningokokasi, bakteria wa ugonjwa huu, hukaa puani na kooni mwa watu wengi bila kuwadhuru. Akipenya kwenye damu, humwaga vipande vya ganda lake la nje vyenye sumu, endotoksini. Chembe nyeupe zikikutana nayo hutoa protini ambayo kwa kawaida hukaa nje ya mshipa ikingoja jeraha. Damu ikiikuta humo ndani inadhani mtu amekatwa, tena kila mahali kwa mpigo. Vigando vidogo vinaziba vimishipa vya ngozi, figo na vidole, na protini C, ambayo ndiyo breki ya kugandisha, nayo inapungua. Ni sawa na fundi aliyemaliza saruji yote kuziba mitaro. Ukuta ukipasuka hana cha kuuzibia. Chembe sahani, zile za damu zinazoziba jeraha, karibu zimekwisha, kwa hiyo tundu la sindano tu linavuja.

Kwa hiyo jifunze kutazama. Bonyeza doa kwa ubavu wa glasi ya kioo. Lisipofifia, usingoje kuche. Kwenye ngozi nyeusi madoa hujificha, basi angalia nyayo, viganja, ndani ya kope na ndani ya mdomo. Mgonjwa anaweza asiwe na doa hata moja, lakini akianza kuongea ovyo au kupumua haraka inatosha. Piga 997, ndiyo namba ya gari la wagonjwa huko. Aspirini na diklofenaki usimpe, zinalemaza hizo chembe sahani zilizobaki.

Aliyetolewa wengu amwone daktari mapema, yeye hatari yake ni kubwa zaidi. Chanjo hii haizuii kundi B, basi hata uliyechanjwa usijitie hamnazo. Barakoa chukua za kutosha. Chupa ya maji usichangie na mtu, hata mkeo. Na ukirudi nyumbani ukashikwa na homa, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba umetoka Hija.