Kumtaja Hadharani Mtu wa Kundi la Chuki: Kazi ya Kufanya Kabla Jina Halijatoka

Anza kwa kuuliza mtu huyu anafanya nini ndani ya kundi. Wengi huanza na jina, na wakishalipata, hamu ya kulitoa huzidi sababu ya kulitoa. Wanaostahili kutajwa ni wa aina mbili. Wapo wanaoliendesha kundi: viongozi, waandaaji wa mikutano, wanaosajili vijana, wanaotoa fedha, wanaoelekeza vitisho na mashambulizi. Na wapo wenye mamlaka juu ya watu ambao kundi linawachukia: polisi, hakimu, mwalimu, askari magereza, daktari, mgombea wa uongozi. Aliyehudhuria mara moja, au aliyelipa ada zamani kisha akajitoa, mwache. Aliye chini ya miaka 18 hatajwi kabisa, hata kama ndiye mwenye kelele kuliko wote.

Kigezo hiki si kipya. Mwaka 1928, katika kesi ya Bryant dhidi ya Zimmerman, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sheria ya New York iliyolitaka Ku Klux Klan (au Klan), kundi la Wazungu wabaguzi, kukabidhi orodha ya wanachama wake. Mwaka 1958 mahakama hiyohiyo ilikataa jimbo la Alabama kudai orodha kama hiyo kwa NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani Weusi, kwa kuwa wanachama waliowahi kujulikana walifukuzwa kazi na kutishiwa. Majaji waliitofautisha kesi ya 1928 kwa sababu ya vitisho na ukatili wa Klan. Kilichopimwa ni vitendo. Ukikubali kwamba uanachama peke yake unatosha kumwanika mtu, umemkabidhi silaha hiyohiyo yeyote atakayelichukia kundi lako kesho.

Je, ni yeye kweli?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo hapa ndipo muda mwingi uishie. Dai ushahidi wa aina tatu usiotoka kwenye chanzo kimoja. Picha, chapisho lililoirudia picha hiyo, na mtu aliyeliona chapisho hilo ni ushahidi mmoja tu uliovaa nguo tatu.

Kufanana sura ni fununu, na programu za kutambua nyuso hazibadilishi hilo: zinakuletea watu wanaofanana, hazikwambii ni nani. Linganisha vitu visivyobadilika haraka, kama umbo la sikio, makovu na chale za mwilini, kwa picha za kipindi kilekile. Usitegemee mavazi. Agosti 2017, baada ya maandamano ya Wazungu wabaguzi mjini Charlottesville, Marekani, fulana yenye maandishi ya uhandisi wa Arkansas iliwafanya watu mtandaoni wamtaje mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Arkansas. Yeye siku hiyo alikuwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pale. Vitisho vilimiminika, na ilibidi yeye na mkewe wakalale kwa rafiki. Kuuliza tu alikuwa wapi siku ile kungetosha kulizuia jambo zima.

Akaunti nazo zina mitego yake. Jina la mtumiaji linaweza kutumiwa na watu wawili wasiojuana. Baruapepe iliyomo kwenye data iliyovuja huenda iliandikwa na mtu mwingine, hasa kama tovuti haikuwataka watu wathibitishe anwani zao wakati wa kujisajili. Tafuta mambo ambayo mwenye akaunti aliyasema mwenyewe bila kukusudia: kazi, mji, tarehe ya kuzaliwa, gari lililoharibika wiki fulani. Kisha yalinganishe na kumbukumbu za wazi zenye jina lake halisi.

Orodha iliyovuja ichukulie kama mahali pa kuanzia upelelezi. Usiichapishe nzima, kamwe. Orodha ya wanachama wa BNP, chama cha siasa kali za mrengo wa kulia cha Uingereza, iliyovuja Novemba 2008 ilikuwa na maelfu ya majina pamoja na anwani za nyumbani, na baadhi ya waliotajwa walikuwa wameshajitoa. Ndani yake pia alikuwamo polisi wa Merseyside, ambaye kanuni za kazi zilimkataza kuwa mwanachama, naye alifukuzwa kazi mwaka 2009. Huyo alikuwa na maslahi ya umma nyuma ya jina lake. Aliyestaafu na kulipa ada moja hakuwa nayo. Novemba 2015 ilitoka orodha ya uongo ya Klan iliyowahusisha maseneta na mameya wa Marekani, na hata Anonymous, kundi la wadukuzi waliokuwa wameahidi orodha yao wenyewe, waliikana.

Ushahidi uhifadhi kabla hujamgusa mhusika. Piga picha ya ukurasa mzima, si kipande, pamoja na anwani ya ukurasa, tarehe, saa na ukanda wa saa. Weka nakala kwenye hifadhi ya kurasa za wavuti. Faili la asili lisiguswe. Toa alama yake ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa na kompyuta na ambao hubadilika faili likiguswa, na uiandike pembeni, ili baadaye uonyeshe kwamba halijabadilishwa. Kisha mpe mtu ambaye hakushiriki kazi hii jukumu moja tu: alibomoe dai. Akishindwa, endelea.

Kumuuliza, kisha kuandika

Mpe nafasi ya kujibu. Mwandikie madai yenyewe, moja baada ya jingine, na muda wa mwisho. Saa 48 kwa kawaida zinatosha. Tumia anwani ya timu, si simu yako, na usipitie kwa mke, mama au watoto wake. Akikana, kukana kwake kuandikwe.

Katika maandishi, dai lisizidi ushahidi. Kama unachoweza kuthibitisha ni kwamba alihudhuria, andika alihudhuria. Kama alichangia fedha, andika hivyo. Weka maelezo ya kutosha ili asichanganywe na mwenye jina kama lake, yaani umri, mji na kazi. Acha nyumba, simu, namba ya gari, shule ya watoto, jamaa na afya yake. Mwajiri mtaje pale tu kazi hiyo ndiyo sababu ya kumtaja mtu. Vinginevyo unaitisha afukuzwe kazi bila kusema.

Mwanasheria asome kabla. Zaidi ya kashfa, kuna sheria za data: katika Umoja wa Ulaya, maoni ya kisiasa yako chini ya ulinzi maalumu wa kifungu cha 9 cha GDPR, sheria ya umoja huo ya kulinda data binafsi, na nafuu wanayopewa waandishi wa habari hutofautiana nchi kwa nchi. Saini nayo ikaguliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 gazeti la Tolerance la Chicago, lililochapisha majina ya watu wa Klan, lilimtaja tajiri wa ubani wa kutafuna, William Wrigley Jr., kwa kutegemea saini iliyoghushiwa. Alilishtaki.

Ukikosea, usifute kimyakimya. Weka masahihisho juu kabisa ya ukurasa uleule, yaandike kwa ukubwa uleule, kisha mtafute kila aliyesambaza jina na umpelekee. Hata palipo sahihi, rudia kuyapitia majina kila baada ya miezi 12. Aliyejitoa aongezewe maelezo hayo pamoja na tarehe. Data ghafi isiyohitajika tena kuutetea ukweli wa ulichoandika ifute, pamoja na nakala zake zilizobaki kwenye simu za wenzako.